Mgonjwa Asianguke Akiwa Wodini
Mazungumzo na watumiaji wa huduma za afya wa Ifakara na Bonde la Kilombero



Watumishi wa udhibiti wanapofika katika mji kama huu, watu hutazamia kusikia habari za dawa bandia, vipodozi vyenye sumu au bidhaa zilizokwisha muda wake. Hayo ni mambo mazito, na tutaendelea kuyasema. Leo, hata hivyo, tumekuja kwa ajili ya jambo lisilo na lebo wala tarehe ya mwisho wa matumizi, nalo ni mgonjwa kuanguka akiwa hospitalini.

Tunafahamu kwamba likitajwa hivyo jambo hili husikika dogo. Watu huanguka shambani, huanguka kutoka juu ya mwembe, huanguka na pikipiki. Mtu kuteleza wodini ni habari gani? Lakini mgonjwa hakuingia wodini akiwa na mwili ule aliokuwa nao shambani. Ana homa, hajala vizuri kwa siku mbili, damu imepungua, amepewa dawa inayomlegeza, na analala katika kitanda kirefu kuliko cha nyumbani kwake, ndani ya chumba asichokijua. Mtu huyo akianguka, mikono yake haiwahi kumkinga. Ndiyo maana huweza kuja kutibiwa nimonia akarudi nyumbani na nyonga iliyovunjika, au asirudi kabisa.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu wapatao 684,000 hufariki kila mwaka duniani kwa sababu ya kuanguka, na zaidi ya asilimia 80 ya vifo hivyo hutokea katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Hesabu hiyo ni ya kuanguka kokote, nyumbani, barabarani na kazini. Kuhusu hospitali peke yake, shirika hilo linasema kuanguka ndilo tukio la madhara linalotokea mara nyingi kuliko mengine yote kwa wagonjwa waliolazwa. Kiwango chake ni mara 3 hadi 5 katika kila siku 1,000 za kitanda, na zaidi ya theluthi moja ya matukio hayo huacha jeraha.

Maneno “siku 1,000 za kitanda” yanahitaji kufafanuliwa. Kitanda kimoja kikilaliwa na mgonjwa kwa siku moja, hiyo ni siku moja ya kitanda. Hospitali yenye vitanda 200 vilivyojaa hufikisha siku 1,000 ndani ya siku 5 tu. Kwa mwaka mzima hospitali hiyo ya mfano ingekuwa na siku 73,000 za kitanda, na kwa kiwango tulichokitaja wagonjwa wangeanguka kati ya mara 219 na mara 365. Kwa kiwango cha juu, ni kama mgonjwa mmoja kila siku. Na hesabu ya namna hii huwezekana pale tu ambapo kila tukio huandikwa. Pale ambapo haliandikwi, daftari huonyesha sifuri, na sifuri hiyo isitufurahishe.

Tuseme mapema kwamba hatukuja kuishitaki hospitali yoyote ya bonde hili. Wengi wenu mnatibiwa katika Hospitali ya Rufaa ya Mtakatifu Francis hapa Ifakara, wengine katika vituo vya afya na zahanati kuanzia Mang'ula hadi Mlimba, na ng'ambo ya mto hadi Lupiro, Malinyi na Mahenge. Tunayoyasema yanahusu wodi yoyote, ya serikali, ya dini au ya mtu binafsi.

Tuanze na kitu ambacho vitabu vingi vya usalama wa wagonjwa vilivyoandikwa Ulaya havikitaji, kwa kuwa huko hakipo: chandarua. Bonde hili linafahamika duniani kwa habari za mbu. Mwaka 1957 Profesa Rudolf Geigy kutoka Uswisi alianzisha hapa maabara ya utafiti ambayo leo ni Taasisi ya Afya Ifakara. Katika miaka ya 1990 mradi wa KINET ulisambaza vyandarua katika wilaya za Kilombero na Ulanga kwa nembo ya Zuia Mbu, na baadhi ya wazee mlioko hapa mlivinunua. Chandarua kimeokoa maisha ya watoto wengi na hatutaki mtu yeyote atoke hapa akisema tumekipinga. Tunachosema ni kwamba chandarua kilichochomekwa chini ya godoro pande zote ni kama mlango uliofungwa. Mgonjwa anapozinduka usiku akiwa na haja, huanza kupapasa gizani akitafuta njia ya kutoka. Mguu hunasa katika wavu, mwili huwa tayari umeinama nje ya kitanda, na kinachofuata mnakijua. Kwa hiyo, ndugu wa mgonjwa, kabla hamjaaga jioni, mwonyesheni mgonjwa upande mmoja wa kutokea, na upande huo uchomekwe kidogo tu ili uweze kufunguka kwa mkono mmoja. Uwe upande ule ule kila usiku. Chandarua kilicho kirefu mno kikunjwe, kisiburuzike sakafuni.

Saa ya hatari zaidi ni hiyo ya usiku wa manane hadi alfajiri. Ndugu wamekwisha kutolewa nje, wauguzi ni wachache, taa zimepunguzwa au umeme umekatika, na choo kipo mwisho wa korido. Mgonjwa wa kwetu ana adabu nyingi. Anamwona muuguzi akihangaika na mtoto mwenye degedege, anasema moyoni asimsumbue, anainuka mwenyewe. Wengi huanguka kwa sababu ya adabu hiyo. Tunawaomba mwambieni mzazi wenu waziwazi kwamba kumwita muuguzi si usumbufu, ni sehemu ya huduma anayostahili. Kama wodi haina kengele, na wodi nyingi hazina, ulizeni tangu siku ya kwanza: “Usiku mgonjwa wetu akihitaji msaada, anaitaje?” Huenda jibu likawa kugonga kikombe cha bati au kumwomba jirani wa kitanda. Jibu lolote ni bora kuliko kukaa kimya. Na kama hawezi kutembea vizuri, ombeni chombo cha mkojo kiwekwe mahali anapokifikia bila kuinama, tena apelekwe chooni kabla ya kulala hata kama anasema hana haja.

Suala la pili ni dawa, nalo ndilo linalotuhusu zaidi kwa kazi yetu. Dawa nyingi zinazotibu vizuri hulegeza miguu au kutia kizunguzungu. Ziko dawa za usingizi na utulivu kama diazepamu, dawa kali za maumivu kama mofini na tramado, na dawa za shinikizo la damu, ambazo humfanya mtu aone giza anaposimama ghafla. Insulini na vidonge vya kushusha sukari humtikisa mgonjwa asipokula kwa wakati. Kwinini nayo huweza kushusha sukari ya mwili na kuleta kelele masikioni pamoja na kizunguzungu. Sindano ya jentamaisini, ambayo huokoa maisha ya wengi, kwa baadhi ya watu hudhuru kiungo cha ndani ya sikio kinachotunza mizani ya mwili. Dawa ya kuongeza mkojo, furosemaidi, haimwangushi mtu kwa kizunguzungu tu, humwamsha. Akipewa jioni, usiku mzima ni safari za chooni. Hapo mna haki ya kumuuliza daktari kwa heshima: “Je, dawa hii inaweza kutolewa asubuhi?” Mara nyingi inawezekana, ila hakuna aliyekuwa amewaza habari ya choo.

Hatusemi mgonjwa aache dawa. Mtu asitoke hapa akamwambie mama yake atupe vidonge vya presha. Tunasema aulize dawa hiyo itamfanya ajisikieje na kwa muda gani, kisha katika muda huo asisimame peke yake. Tunasema pia kwamba mgonjwa anapolazwa, ndugu wamweleze daktari kila kitu alichokuwa akitumia nyumbani: vidonge kutoka duka la dawa muhimu, dawa za miti shamba, na pombe kama anakunywa. Yupo mgonjwa anayepewa dawa ya usingizi wodini huku chini ya mto ana nyingine aliyoletewa na shemeji kwa nia njema. Dawa mbili za kulegeza zikikutana katika mwili uliochoka, kitanda huwa mlima.

Mnapoona mgonjwa ameanza kizunguzungu, kuchanganyikiwa au kuanguka baada ya dawa mpya, mwelezeni muuguzi, mfamasia au daktari, na mtake taarifa ya madhara ya dawa ijazwe. Fomu zake zipo, na mgonjwa au ndugu yake anaruhusiwa kutoa taarifa mwenyewe bila kusubiri mtaalamu. Taarifa moja huonekana si kitu. Taarifa 30 za aina moja kutoka wilaya mbalimbali ndizo zinazoifanya mamlaka ya udhibiti iitazame upya dawa.

Sasa tuvuke mto, tuelekee Mahenge. Eneo hilo linafahamika katika tiba ya dunia nzima kwa ugonjwa wa kifafa. Daktari Louise Jilek-Aall, mzaliwa wa Norway, alianza kuwahudumia wagonjwa wa kifafa huko kuanzia miaka ya 1960, na aliandika habari zao kwa miaka mingi. Aliwakuta wagonjwa walioungua kwa kuangukia motoni na wengine waliotengwa na jamaa zao. Watafiti waliomfuata wameonyesha uhusiano kati ya kifafa cha eneo hilo na usubi, ule ugonjwa unaoletwa na inzi wadogo weusi wa kando ya mito iendayo kasi. Tunayataja haya kwa sababu katika wodi za bonde hili hakosekani mgonjwa mwenye kifafa, na kwake kuanguka si ajali ya mara moja. Ni jambo linaloweza kutazamiwa, na jambo linaloweza kutazamiwa huandaliwa.

Mgonjwa wa kifafa alazwe katika kitanda kifupi kuliko vyote vilivyopo, karibu na meza ya wauguzi, mbali na ndoo ya maji ya moto na jiko la mkaa la kuchemshia uji. Wakati mwingine wauguzi hushauri godoro lishushwe sakafuni. Hapo ndipo ndugu hukasirika, wakisema mgonjwa wao amedharauliwa, amelazwa chini kama mkimbizi ilhali wengine wana vitanda. Sisi tunaona tofauti. Godoro safi sakafuni, pembeni mwa ukuta, na chandarua juu yake, kwa mtu anayeweza kupata kifafa usiku, ni heshima. Heshima kwa mtu huyo ni kuamka asubuhi akiwa na meno yake yote.

Na akipatwa, msimkimbie. Bado ipo imani ya zamani kwamba mate au pumzi ya mtu aliyeanguka kifafa huambukiza. Haiambukizi. Mwondoleeni vitu vigumu vilivyo karibu, wekeni kitu laini chini ya kichwa, mlazeni ubavu kadiri mnavyoweza, msimtie kijiko wala kidole mdomoni, msimbane kwa nguvu. Mwiteni muuguzi mara moja, na mtazame saa, kwa kuwa atawauliza ilichukua muda gani. Kikizidi dakika 5 ni dharura kubwa. Dawa ya kifafa yenyewe, hasa fenobabitoni, hutia usingizi siku za mwanzo au kipimo kinapoongezwa. Kwa hiyo hata siku ambayo hakupata kifafa, miguu yake haina uhakika.

Wodi ya wazazi tutaipitia kwa kifupi, ingawa akina mama mngeweza kutufundisha zaidi. Mama aliyefanyiwa upasuaji kwa ganzi ya mgongo hudhani ganzi imeisha kwa sababu vidole vya miguu vinachezacheza. Mapaja huchelewa kupata nguvu. Mara ya kwanza kusimama baada ya kujifungua, kwa njia yoyote ile, asisimame bila mtu wa kumshika, maana amepoteza damu na huenda akazimia njiani kwenda bafuni. Aketi kwanza ukingoni mwa kitanda, miguu ikining'inia, dakika 2 au 3; kama haoni giza, asimame akishikwa; kisha ndipo hatua. Utaratibu huo unamfaa mgonjwa yeyote aliyelala siku nyingi. Vilevile mtoto mchanga asilale ukingoni mwa kitanda chembamba huku mama amepitiwa na usingizi. Pale ambapo wodi imejaa na akina mama wawili wanalala mzungu wa nne, hatari ya mtoto kudondoka ni kubwa, nasi hatutajifanya hatuijui hali hiyo. Hapo bibi au dada aruhusiwe kukaa ampokee mtoto mama anapolala, na kama saa za kutazama wagonjwa zinakataza, ombeni ruhusa maalumu kwa mkuu wa wodi. Ombi hilo ni la haki.

Kuhusu sakafu hatuna maneno mengi. Maji yaliyomwagika, sabuni baada ya kupiga deki, maganda ya ndizi chini ya kitanda: kila mtu anayaona. Hospitali nyingi nchini hufuata utaratibu wa S tano uliotoka Japani, ambao mmeuona umebandikwa ukutani: Sasambua, Seti, Safisha, Sanifisha, Shikilia. Ni utaratibu mzuri, lakini hauwezi kufanya kazi ikiwa chini ya kila kitanda tumejaza ndoo, sufuria, mkeka na mfuko wa mchele. Leteni kinachohitajika kwa siku hiyo, kingine kibaki mlikofikia. Kandambili zilizolika soli, ambazo huteleza hata zikiwa kavu, ziachwe nyumbani. Mgonjwa avae viatu vinavyoshika kisigino. Kanga ifungwe juu ya kifundo cha mguu.

Vifaa ni habari nyingine. Kitanda chenye magurudumu ni lazima kifungwe breki kabla mtu hajaketi juu yake. Njia ya kujua ni rahisi: kisukumeni kwa mkono. Kikisogea, mwiteni mhudumu. Hali kadhalika kiti cha magurudumu: breki zote mbili zifungwe, vibao vya kuwekea miguu viinuliwe, ndipo mgonjwa ainuke au aketi. Wengi hukanyaga kibao, kiti kikapinduka mbele pamoja nao. Vifaa vingine huja kama msaada kutoka ng'ambo vikiwa vimekwisha kutumika, na tunawashukuru wanaovitoa. Lakini kitanda ambacho breki yake imekufa hakigeuki kuwa kizuri kwa sababu kilitolewa bure. Vifaa vya msaada navyo hustahili kukaguliwa kama vilivyonunuliwa.

Magongo ya kutembelea mara nyingi hutengenezwa na fundi seremala wa mtaani, na si vibaya, mradi vipimo viwe sawa. Mgonjwa akisimama wima, kati ya kwapa na kichwa cha gongo pabaki nafasi ya vidole viwili au vitatu, na kiwiko kikunjike kidogo. Uzito ubebwe na viganja. Anayening'inia kwa makwapa huumiza mishipa ya fahamu na mikono ikafa ganzi. Mwisho wa gongo uwe na mpira. Mpira ukilika, mti hukutana na sakafu yenye unyevu, na mgonjwa aliyevunjika mguu mmoja hupata wa pili. Kipande cha tairi kuukuu kilichokatwa vizuri na kufungwa imara hufaa hadi kipatikane kingine.

Vizuizi vya pembeni mwa kitanda huwapa ndugu amani kubwa, na hapa lazima tuwe waangalifu. Kwa mgonjwa aliyelala fofofo baada ya upasuaji, au anayesafirishwa kwa machela, kizuizi kinafaa. Kwa mzee aliyechanganyikiwa ambaye bado ana nguvu, kizuizi humfanya apande juu yake, akaanguka kutoka mahali parefu zaidi, au akanasa kichwa kati ya vyuma. Kumfunga mgonjwa kwa kanga kwenye kitanda ni kubaya zaidi. Tunajua hufanywa kwa upendo na kwa kuchoka. Mgonjwa aliyefungwa huhangaika, huweza kujinyonga kwa kile kile kilichokusudiwa kumlinda, na huamka akiwa na vidonda. Mtu wa kuketi karibu naye, taa kidogo, na sauti anayoifahamu hutuliza kuliko kamba. Kama mgonjwa anahangaika kiasi hicho, huenda ana homa kali, sukari iliyoshuka, kiu au kibofu kilichojaa, na daktari anapaswa kuitwa amtazame.

Pamoja na hayo, wapo watakaoanguka. Tuchukue mfano. Mzee wa miaka 70 ameletwa kutoka Malinyi, amelazwa kwa shinikizo la damu. Saa 10 alfajiri anainuka kwenda chooni, anaanguka kando ya kitanda. Kijana wake aliyekuwa amejificha chini ya kitanda cha jirani, kinyume cha utaratibu, anamnyanyua haraka na kumrudisha kitandani, anamfuta vumbi, anamwambia: “Baba, usiseme, watanifukuza.” Asubuhi muuguzi anauliza hali, mzee anasema hajambo. Hakuna kilichoandikwa. Siku ya pili mzee anaanza kusinzia ovyo na kusema maneno yasiyoeleweka. Daktari anatafuta sababu katika presha, katika malaria, katika sukari, wakati sababu ni damu inayovuja taratibu ndani ya fuvu. Mfano huu tumeutunga, lakini kila muuguzi aliyefanya kazi miaka mingi anaweza kuwaeleza unaofanana nao.

Kijana huyo hakukosa upendo. Alikosa uhakika kwamba akisema ukweli hataadhibiwa. Na upande wa pili yupo muuguzi ambaye, akiona mgonjwa ameanguka zamu yake, huogopa kuitwa ofisini. Wote wawili wananyamaza, na kunyamaza kwao ndiko kunakomnyima mzee matibabu. Tunapozungumza na viongozi wa hospitali tunawaambia hivi hivi: atakayeripoti kuanguka asikaripiwe. Ninyi nanyi msimrukie muuguzi kwa matusi kabla hamjajua kilichotokea, kwa maana mkifanya hivyo mnamfundisha kuficha.

Mgonjwa akianguka, basi, msimnyanyue papo hapo. Mwacheni alale, mfunikeni, mwiteni muuguzi. Mguu ulioonekana kuwa mfupi kuliko mwenzake na uliogeukia nje ni dalili ya nyonga kuvunjika. Kumvuta kunaongeza jeraha. Maumivu ya shingo yachukuliwe kwa uzito huo huo. Mwelezeni muuguzi kama aligonga kichwa, na kama anatumia dawa ya kuzuia damu isigande kama wafarini, semeni hata kama anaonekana mzima. Kwa siku zinazofuata angalieni kutapika, kichwa kinachozidi kuuma, usingizi usio wa kawaida, mkono au mguu mmoja kulegea. Kisha mwombeni muuguzi aandike tukio hilo katika faili la mgonjwa: saa, mahali, alikuwa akifanya nini. Si ombi la ukaidi. Daktari wa zamu ijayo hawezi kujua lisiloandikwa.

Kama mnaona hamkusikilizwa, ngazi zipo. Mkuu wa wodi ndiye wa kwanza, kisha Muuguzi Mkuu, kisha Mganga Mfawidhi wa hospitali. Ofisi ya ustawi wa jamii hospitalini husaidia wale wanaoona haya kusema. Suala likishindikana hapo, lifikishwe kwa Mganga Mkuu wa Halmashauri. Lalamiko linalohusu mwenendo wa kitaaluma wa muuguzi hupelekwa Baraza la Uuguzi na Ukunga, na la daktari Baraza la Madaktari Tanganyika. Kama tatizo ni dawa au kifaa, kitanda, kiti, gongo, breki, lileteni kwetu. Andikeni tarehe, wodi, aina ya kifaa, na kama kina namba ya kiwandani, namba hiyo. Barua haihitaji Kiswahili cha sanifu. Inahitaji ukweli na namna ya kuwapata.

Tangu mwaka 2019 dunia imetenga tarehe 17 Septemba kuwa Siku ya Usalama wa Mgonjwa, baada ya uamuzi wa Mkutano Mkuu wa Afya Duniani. Siku hiyo hospitali nyingi hufungua milango kwa wananchi. Nendeni mkaulize swali moja tu: mwaka huu wameanguka wagonjwa wangapi hapa? Mkitajiwa idadi, hata ikiwa kubwa, washukuruni, kwa sababu wanahesabu. Mkiambiwa hakuna hata mmoja, ulizeni tena.

Fomu za taarifa ya madhara ya dawa na vifaa ziko katika meza ile karibu na mlango, na wenzetu wawili watawasaidia wasioweza kusoma vizuri. Gongo lile lililosimamishwa ukutani tumelileta ili kila anayetaka apime kwa mgonjwa wake. Sasa tunapokea maswali, na tunaomba tuanze na akina mama waliokaa nyuma, maana gari la Mlimba haliwasubiri.